Wimbo wa Harusi ya Nafula

Mama,

Niko huku Namboboto tangu Jumatatu. Nimeng'oa magugu kaburini kwako nikashindwa kusema neno, kwa hivyo naandika.

Kwaya yako naiongoza mimi sasa, na tangu ututoke hatujapumzika hata wiki moja. Wewe tukishazika mtu ulikuwa unatundika gauni la kwaya na kuja huku kupalilia mihogo. Wiki nzima huimbi, hata mluzi hupigi. Jioni unakaa kando ya mto, miguu majini, unasikiliza vyura kama mtu asiye na kazi. "Niache kidogo, binti. Kichwa bado kimejaa kilio cha watu." Mimi nilikuwa naona haya. Kule mjini Burumba niliwaambia wanakwaya una malaria. Sijui waliwaonaje mbu wa Namboboto.

Nikajiambia mimi nitakuwa mchapakazi. Na misiba imezidi, Mama, tunazika vijana kila Jumamosi. Mtu anatoka Malaba akilia, anataka wimbo wenye jina la marehemu wake, nami nakubali. Harusi nazo nakubali. Nilitunga nikiuza mitumba, nikatunga huku nasonga ugali, mpaka kichwa kikakauka. Nikaanza kuchukua sauti za nyimbo zetu za zamani na kuzibadilishia maneno.

Mwezi uliopita akafariki Wandera, yule fundi wa baiskeli za boda boda pale mpakani. Nilitafuta sauti nikakosa, halafu moja ikaja upesi. Nikamshukuru Mungu, nikaipunguza mwendo, nikatia jina lake. Tulipofika ubeti wa pili, bibi mmoja kule nyuma akapiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo. Nafula, mjane, akainua uso.

"Dada, si hii ndio mliniimbia nikiolewa?"

Ndiyo hiyo. Niliitunga mwenyewe, Mama, na sikuitambua. Tuliendelea hadi mwisho kwa sababu hakuna aliyejua tunyamaze vipi, na Nafula amejifunika leso kichwani.

Nilipoenda kumwomba msamaha alinipa chai. Hakunigombeza. Aliniambia huo wimbo ndio uliokuwa ukimrudishia Wandera akiwa na suti yake ya kuazima, anacheka. Sasa akiuwaza anaona jeneza.

Nimewaambia wanakwaya tumefunga kwa muda, na sikusingizia ugonjwa. Wengine wamenuna. Siku za kwanza hapa mtoni nilisikia malori tu kichwani. Jana nilisogeza mguu, vyura wote wakanyamaza, halafu wakaanza tena mmoja mmoja, yule wa mbali akiwa wa kwanza. Sikuwahi kujua hilo. Sijatunga kitu, wala sijajaribu.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Siku tuliyokuzika nilikuimbia wimbo uliomtungia Baba alipofariki, nikabadilisha jina. Watu walisema nimekuheshimu sana. Nikapokea sifa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekutungia kitu. Kesho yake kulikuwa na harusi, nikatunga ya harusi.

Wimbo wa Nafula sitauimba tena popote. Na kila tukizika nitakuja huku, wacha waniite mvivu.

Kwaheri, Mama. Wimbo wako nitauleta, hata ukichukua mwaka, na hautakuwa umeimbiwa mtu mwingine.

Binti yako