Jiwe la Thuraiya

Jumamosi, 3 Oktoba 1959

Bi Umkulthum kaja dukani kutoka Ole, buibui limejaa vumbi, hata kahawa kakataa. Kaniwekea pete mezani. Pete ya bintiye, Thuraiya — au niseme pete ya shetani anayempanda Thuraiya. Alipopungwa kwa ngoma mwaka juzi, shetani alitaka pete yenye jiwe, wakampa hii ya bibi yao. Tangu siku ile mtoto anakula, analala.

Sasa mama mtu anataka niling'oe jiwe, nipachike kioo mahali pake. Almasi niiuze mie, mtoto akatazamwe na daktari Unguja, apone moja kwa moja. Thuraiya kaambiwa pete imeletwa kusuguliwa tu.

Nikamuuliza, na shetani akijua? Akanicheka. Shetani ataijuaje almasi, Fundi Jecha, na weye sonara mzima huijui!

Kweli. Mie ni mtu wa vikuku vya fedha. Lakini nimekubali — nani angekataa mbele ya macho yale?

Jumatatu, 5 Oktoba

Nimejifungia, nikajaribu kukumbuka niliyofunzwa Unguja ujanani. Kwanza pumzi. Nimelipulizia — haa! — ukungu ukafutika papo hapo. Kioo hubaki na ukungu kitambo. Basi almasi kweli! Nikalilaza kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, nikalitazama ubavuni: lina umanjano kidogo, kama samli. Hapo thamani inashuka. Kisha lenzi: ndani, karibu na ukingo, doa jeusi kama mguu wa sisimizi. Inashuka tena. Na limekatwa kizamani, mwanga unavujia chini badala ya kurudi juu. Ukubwa tu ndio unaolitetea.

Mwatima, mke wangu, kauliza nje ya mlango: umepata mchumba humo ndani? Nimecheka. Sikumwambia kwamba kila nikiinamia lenzi, nahisi kuna mtu kainama upande wa pili.

Kioo nimekipachika. Kizuri sana, ukiniuliza mie.

Jumanne, 6 Oktoba

Thuraiya kaja mwenyewe kuchukua pete, na mamake. Binti wa adabu — shikamoo, Fundi. Kaivaa. Kisha akaipulizia pumzi. Ukungu ukakaa. Akaungoja mpaka ukaondoka, kama mtu asiye na haraka. Akaivua, akaiweka juu ya kanzu yangu nyeupe, akainamisha kichwa kuitazama ubavuni. Hayo niliyafanya peke yangu, mlango umefungwa!

Akasema, kwa sauti nzito isiyo yake: Yangu ilikuwa chafu kidogo. Hii safi kupita kiasi.

Mama mtu akamvuta mkono, wakaondoka. Nimebaki na nyundo mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani.

Alhamisi, 8 Oktoba

Habari za Ole: Thuraiya hali chakula. Hata maji hanywi. Bi Umkulthum kaagiza kwamba habari ya kuuza jiwe basi, kesho ataleta pete, nilirudishe jiwe mahali pake. Nimejibu sawa, sawa kabisa.

Nikalitoa, nilitazame kidogo tu. Umanjano siuoni. Nimebadilisha karatasi. Siuoni!

Ijumaa, 9 Oktoba

Sikwenda msikitini. Mwatima kashangaa, mie sikosi Ijumaa, ingawa hotuba huimaliza usingizini. Nimemwambia kichwa kinauma. Doa nalo limekwisha! Tangu asubuhi nalitafuta kwa lenzi. Hakuna. Jiwe kama hili Pemba nzima hakuna, labda duniani. Na wanataka likakae kwenye kidole cha mtoto anayepalilia mihogo!

Bi Umkulthum yuko barazani. Kamleta Thuraiya kwa gari la ng'ombe. Namsikia akimwambia Mwatima kwamba mtoto hawezi hata kukaa, muite Fundi, ndugu yangu, muite upesi. Mwatima kagonga. Kagonga tena. Jecha! Una nini weye? Mtoto wa watu anakufa hapa!

Nakuja, nimesema. Komeo nimelikaza. Nitatoka, kwa nini nisitoke — ila mwanga wa saa hii ndio hasa wa kulitazamia, na