Nani Alikula Nyama

Jumatatu, 3 Julai 1995 — Homa Bay

Kazi mpya. Miaka mitatu nimefundisha Kiswahili darasa la sita kule Rongo, mkataba ukaisha, sasa niko ofisi ya kutafsiri maandiko kwa Kisuba. Chumba kimoja nyuma ya kanisa, meza mbili, taipureta moja. Kazi yangu: kuchukua kurasa zilizokamilika, kuwasomea watu, kuona wanaelewa nini.

Mkubwa wangu ni Mzee Omwenga. Mkisii! Alijifunza Kisuba ukubwani na ananishinda mimi Msuba mwenyewe. Mimi nimekulia Awendo kwenye miwa, nyumbani tunaongea Dholuo. Kisuba nasikia vizuri, kusema ndiyo taabu. Nimeona haya kidogo.

Amenipa sura moja ya ile barua ndefu inayozungumzia makuhani na damu. Katikati ya ukurasa kuna mstari wa penseli tu. Hakuna neno. Nikauliza kama mpiga chapa amesahau. Akasema hapana, hapo panatakiwa neno la kumtoa mnyama kwa Mungu, na kamati imelitafuta tangu mwaka jana. Vijana hawalijui. Wazee wanaolijua hawalisemi. Mshauri wa tafsiri anakuja tarehe 24 na nafasi haiwezi kubaki wazi.

Hawalisemi kwa nini? Hajui. Nami nataka kujua.


Jumatano, 5 Julai

Nimewasomea akina mama wanaouza dagaa wa omena sokoni, wale wa kutoka upande wa Kisegi. Kwenye ile nafasi niliweka neno la kawaida la kuchinja, lile la kuku wa Krismasi. Wakasikiliza vizuri. Halafu mmoja anaitwa Orpah akauliza: walimchinja kwa sherehe gani? Na nani alikula nyama?

Wenzake wakacheka. Yeye hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anangoja jibu.

Nikajaribu misango, neno la Dholuo la sadaka ya mnyama. Hilo wote wanalijua. Maana yake? Mambo ya kanisani, wakasema. Mambo gani? Ya kanisani tu.

Mzee Omwenga hakucheka nilipomweleza. Ameliandika swali la Orpah kwenye daftari lake na kulipigia mstari.


Sabato, 8 Julai — Awendo

Niko nyumbani tangu jana. Baba amehubiri leo. Elkana mzee wa kanisa, tai ya buluu, sauti ileile. Somo: damu ya Yesu ilimwagika mara moja, ikatosha, mbuzi na kondoo wamepumzika. Watu wakasema amina.

Baada ya chakula nikamuuliza lile neno. Amezaliwa Kisegi, lazima analijua. Akasema nitumie neno la kuomba. Nikamwambia kuomba si kutoa mnyama. Akasema basi, niache pengo, Mungu anaelewa mapengo. Akachukua kofia akaenda kuangalia miwa. Siku ya Sabato! Hata hakuna kazi huko.

Mama alikuwa anaosha sahani. Truphena wa watu hasemi mengi. Ameniambia tu niende Kisegi kwa bibi yetu, Dani Bathsheba, na nikifika nisiulize kuhusu Baba, ningoje niambiwe.

Niambiwe nini?


Jumanne, 11 Julai — Kisegi

Mengi. Nitaandika polepole.

Dani Bathsheba ni dada mdogo wa marehemu Babu. Amekonda sana. Anakohoa, kisha anangoja, kisha anaendelea pale alipoachia. Amebatizwa kabla ya Baba, kitambaa chake cha kanisa kimetundikwa ukutani, kimepigwa pasi. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa nikapukuchua pia. Nikamweleza kazi yangu.

Akasema maneno ni mawili. La kwanza ni la kuchinja ili kula, hilo ninalo. La pili ni la kuchinja ili watu waliotengana wale tena pamoja. Hilo la pili halisemwi kwa mdomo mtupu. Linasemwa mnyama akiwa ameshikwa, mmoja miguu ya mbele, mwingine miguu ya nyuma. Lisiposemwa hapo ni uongo, na uongo wa namna hiyo huleta chira, mtu anakonda mpaka anaisha. Yeye ndiye wa mwisho katika ukoo wetu anayelisema. Aliyemfundisha alikuwa Babu.

Nikamuuliza nyama inaliwa na nani.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama anayemwangalia mtu mwenye akili. Akasema: “Hao walioshika. Kipande kimoja, kutoka mkono hadi mkono. Wengine baadaye. Hakuna kinachobebwa kwenda nyumbani.”

Orpah aliuliza swali la kweli kabisa.

Nikauliza kama Mungu anataka hiyo damu. Akakohoa, akangoja. Akasema: “Mungu ana haja gani na kondoo, nyakwara, mjukuu wangu? Ni sisi. Mdomo unaosema nimesamehe leo, kesho unasema lingine. Lakini damu ikishaanguka chini, nani ataiokota?”

Nikachukua muhindi mwingine. Kisha bila mimi kuuliza akaniambia.

Babu alipozikwa, mwaka wa 1984, mimi nilikuwa na tetekuwanga, niliachwa Awendo kwa jirani. Nilijua tu kwamba Baba na mdogo wake Boaz walikosana “mambo ya shamba”. Si shamba. Boaz alileta fahali wa kumchinjia Babu kama desturi. Baba alikuwa na miezi mitatu tangu abatizwe. Akasema hakuna damu itakayomwagika kwenye kaburi la baba yake. Wakabishana juu ya udongo ule mbichi. Na Baba akachukua mpini wa jembe, akampiga ndugu yake usoni.

Damu ikamwagika kwenye kaburi. Ya Boaz.

Baba yangu! Mtu ambaye hata nyoka humfukuza kwa kelele.

Tangu hapo hawajala pamoja. Baba huja Kisegi kwa mazishi, anasimama, anaimba, na kwenye begi lake mna mkate. Anaula barabarani akirudi. Mimi miaka yote nilidhani ni kwa sababu anaogopa kupikiwa vyakula vilivyokatazwa.


Jumatano, 12 Julai — Kisegi

Nimeenda kwa Baba mdogo Boaz. Ni fundi cherehani hapo sentani, kwenye maduka. Kovu linaanzia kwenye nyusi, linapanda hadi kwenye nywele. Nilikuwa nikiliona tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Kwa nini sikuuliza?

Akanipa kiti, akaagiza soda. Akataka kujua kama Baba bado anaimba besi, kama magoti bado yanamsumbua, miwa imekuwaje. Anajua mambo mengi kuhusu Baba kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza kama bado ana hasira naye.

“Hasira iliisha mwaka uleule,” akasema. “Iliyobaki ni damu. Hiyo si yangu kuiondoa peke yangu.”

Anaye kondoo tayari. Huyu ni wa nne. Watatu waliomtangulia walizeeka wakingoja.

Nikasema Baba akimshika kondoo, kanisa litamwondoa kwenye uzee wa kanisa. Akasema anajua. Ndiyo maana hajawahi kutuma mtu. Akaendelea kushona sketi ya shule. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema Dani hatamaliza mwaka na kikohozi kile, na baada yake hakuna atakayeweza hata tukitaka.


Ijumaa, 14 Julai — Homa Bay

Nimemweleza Mzee Omwenga yote, isipokuwa mpini wa jembe. Amesema kwao pia lilikuwepo neno kama hilo, na babake alikufa nalo, na yeye wakati huo alikuwa chuoni akijifunza Kigiriki.

Amenipa redio kaseti na betri mpya. Kisha akaichukua tena. Akasema bora nisikie kwa masikio.


Jumapili, 16 Julai — Awendo

Nimemwambia Baba kwamba najua.

Hakukana. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akaendelea kuifunga, ikawa fundo kubwa. Mama akaja akasimama mlangoni.

Akasema kwamba aliomba msamaha kwa Mungu usiku uleule na akasamehewa. Kwamba kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, anaosha miguu ya wanaume wenzake kanisani, na kila mguu anaouosha ni wa Boaz. Hilo sikulijua. Nadhani hata Mama hakulijua, alishika fremu ya mlango.

Kisha akasema: “Nikimshika kondoo yule, nitakuwa nimesema Msalaba haukutosha.”

Nikamjibu. Sijui nilipata wapi ujasiri. “Na huo mkate kwenye begi, Baba, unasema nini?”

Baba akatoka. Nimeomba radhi kwa Mama. Amesema nisiombe.

Sasa najiuliza maswali ya kweli. Kama damu moja ilitosha kwa wote, mbona ndugu wawili bado wana njaa ya kula pamoja? Au ilitosha, na sisi ndio hatujaketi mezani? Mshauri atakuja na vitabu vyake, na mimi nitamuuliza hilo. Atanishangaa.


Jumanne, 18 Julai — Homa Bay

Ujumbe kutoka Kisegi: Dani hali chakula tangu Jumapili.


Alhamisi, 20 Julai — Homa Bay

Baba amekuja ofisini! Hakuwa ametuma habari. Amesimama mlangoni na begi lake, vumbi hadi magotini, akamsalimu Mzee Omwenga kwa heshima kama mwanafunzi. Akasema amesikia kuna sura imetafsiriwa. Angependa kuisikia kwa lugha ya mama yake.

Mzee akamsomea. Baba alifumba macho. Hajawahi kusikia maandiko kwa Kisuba, maisha yake yote yamekuwa Dholuo na Kiswahili. Midomo ilikuwa inafuata. Kisha Mzee akafika kwenye ule mstari wa penseli, akanyamaza.

Baba akangoja. Akafumbua macho. Akauliza kuna nini hapo.

Mzee akamwambia hapo hawana neno.

Nilimwona Baba akitaka kulisema. Lilikuwa mdomoni. Akafunga mdomo, kwa mkono kabisa, akaufunika. Kwa hiyo analo! Na kwa hiyo anaamini, hata yeye, kwamba halisemwi hivihivi. Miaka kumi na moja ya mahubiri na bado.

Akaniuliza Dani yuko vipi. Nikamwambia. Akasema Jumapili tutaenda wote wawili kumwona. Kumwona tu.

Kwenye chai alichukua kipande cha muhogo wangu akala bila kuuliza. Hajafanya hivyo tangu nikiwa mtoto.


Jumapili, 23 Julai — Kisegi

Naandika hapa hapa uani, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, maana nikingoja jioni nitasahau mpangilio.

Tumefika saa nne. Dani ametolewa nje, ameketi kwenye mkeka, ameegemezwa mto. Kitambaa cha kanisa kichwani. Boaz alikuwa tayari hapa, na kondoo, mweupe, mnene. Hakuna aliyemwambia tunakuja. Anasema humleta kila Jumapili tangu Dani augue.

Baba ameshikana mikono na Boaz. Muda mrefu kuliko salamu ya kawaida. Wote wawili waliangalia chini.

Hakuna jirani aliyeitwa. Sisi wanne tu, na kondoo.

Baba amemwambia Dani kwamba amekuja kumwona, na kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Dani akasema anajua, hata yeye ni wa kanisa. Baba akauliza kama anaweza kuomba kwanza. “Omba,” Dani akasema, “lakini fupi. Pumzi yangu si nyingi.”

Ameomba. Fupi kweli. Amesema asante kwa damu iliyotosha. Kisha amekwama katikati, hakusema amina. Sisi tumebaki tumeinamisha vichwa, hatujui kama imekwisha.

Boaz amepiga goti. Ameshika miguu ya mbele. Hamwangalii Baba, anamwangalia kondoo. Ile ya nyuma inapiga udongo.

Dani ameacha kukohoa. Mdomo uko tayari.

Baba hajasogea.

Sasa anavua koti. Analikunja kama anavyolikunja kanisani, mikono ndani, mara mbili. Anatafuta pa kuliweka. Hakuna kiti. Ananigeukia mimi, amelinyoosha — ananingoja nilipokee, na mimi nina kalamu mkononi. Naiweka.