Ami Ndiye Walii Wangu

Baba yangu uliyetangulia,

Tangu harusi ipite, Shangazi amekuwa haishi kuja kukuzuru kaburini, na kwa ninavyomjua haji kukuombea dua tu. Anakuja kunishtaki. Basi kabla hujaukubali upande wake, nisikilize na mimi. Hukuwa mtu wa kuamua kesi kwa kusikia upande mmoja, hata tulipokuwa tukigombania ukoko wa wali.

Unakumbuka siku tuliyomfuata Ami Sefu, mdogo wako, hadi Ushongo? Alikuwa ameacha kula chakula cha Mama, akisema kimetiwa sumu. Asubuhi ile akavuka na pantoni, akashika njia peku, anazungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Mimi na wewe nyuma yake, wewe umebeba viatu vyake. Tulipofika, watoto wakaanza kumpigia kelele, "Mwehu! Mwehu!" Mama mmoja akasema huyo kapandwa na mapepo, mwenzake akasema karogwa. Hukumtukana mtu. Ulisimama katikati yao ukasema, "Ana jina. Anaitwa Sefu. Anaumwa." Kisha tukarudi naye, wewe kulia mimi kushoto, na njia nzima ulimuuliza habari za mpira kama vile mnatoka uwanjani.

Na ile asubuhi aliporudi kutoka hospitali, unaikumbuka? Ua wetu wa Pangani ulijaa majirani. Eti wamekuja kutoa pole. Walikuja kumtazama. Shangazi alikuwa amekificha kifuo cha nazi chini ya kitanda, kwa sababu mtu kama yule na chuma kile cha ncha kali, nani ajuaye. Wewe uliingia ndani ukakitoa, ukakisimika mahali pake, ukaita, "Sefu! Nazi hizi hazitajifua zenyewe."

Kisha ukavuta kibao, ukakaa ukampa mgongo. Ukaniita nikae ubavuni kwako na kikombe changu cha uji. Nyuma yetu nikasikia nazi inapigwa kwenye chuma, kumbi linapasuka, nazi nyingine inachukuliwa. Hakuna jirani aliyekohoa. Nilikutazama shingoni nikaona mshipa unacheza, nikajua na wewe unaogopa. Lakini hukugeuka. "Kunywa uji wako," uliniambia, "unapoa."

Miaka imepita, Baba. Ami anafua nazi, anakwenda kliniki, anameza dawa zake. Ugonjwa ulimrudia wiki ile tulipokuzika, akatibiwa, akatulia. Watu wa mtaa wanakumbuka ile wiki moja, miaka yote mingine wameisahau.

Sasa ndiyo nakuja kwenye kesi. Ulituacha wasichana watupu, na Babu alikwisha kufa zamani, kwa hiyo walii wangu, wa kunioza, ni Ami. Hilo mwenyewe ulilisema mkekani, ukiwa huwezi hata kugeuka: "Mimi nikikosekana, Sefu ndiye atakayekuoza." Shangazi alikuwa anakupepea. Alisikia.

Akina Rashidi walikuja kutoka Mabawa kuleta posa. Ami aliwapokea, akawamiminia kahawa kwa mkono wake, na kikombe kikagongana na sahani. Dawa zile humtetemesha mikono. Sisi tumezoea, lakini wageni walitazamana. Wiki iliyofuata mshenga wao akarudi peke yake, amekaa upande wa kiti kama mtu anayetaka kukimbia.

"Wazee wamenituma," alisema. "Kwa binti hawana neno. Neno lao ni hilo la walii. Wanaomba ampe sheikh uwakala. Ni jambo la kawaida, hata wazima hufanya. Asihangaike hata kutoka nje."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Ni kweli, watu wengi humwachia sheikh aoze. Lakini hawakutaka apumzike, walitaka asionekane. Tena Ami alikuwa amekaa pale pale, mlango wa pili, kila neno analisikia.

Shangazi alifurahi. "Umeona walivyo waungwana? Na siku hiyo tumpeleke Ushongo, tumwambie akaangalie nazi." Usimkasirikie sana, Baba. Wewe unakumbuka kuliko mimi kwamba posa yake ya kwanza ilivunjwa kwa maneno haya haya, na sasa ana mabinti watatu ndani. Anamwonea haya ndugu yake, na anajionea haya kwa kumwonea haya. Nilimjibu vibaya, na hilo atakuwa amekwambia.

Rashidi naye nilimpigia simu. Akaniambia, "Mimi sina neno, ila wazee wangu..."

"Basi waje wanioe wazee wako," nikamwambia, nikakata simu.

Ungekaa siku hizo ndani ya nyumba yetu, Baba, ndipo ungejua. Mchele umeshanunuliwa, mbuzi kafungwa uani, na hatujui kama wanakuja. Kwa sheikh nilikwenda mwenyewe na Mama. Alituambia kwamba asiye na akili zake hawezi kuoza wakati ule hanazo, lakini akiwa nazo, haki yake iko pale pale, na mkono kutetemeka si jambo la sheria. Akaja kuzungumza na Ami barazani, wakacheka, akaondoka ameridhika. Mshenga akapelekewa jibu. Kutoka Mabawa kimya.

Halafu Ami akaanza kukosa usingizi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mama alikuwa anamwangalia kama maziwa yaliyo motoni. Tulifikiria mambo mabaya yote: kwamba atasimama katikati ya wanaume akajibu sauti zake, kwamba Shangazi atakuwa amesema kweli, kwamba ni mimi niliyemsukuma. Tukawa tunanong'ona jikoni, na yeye akaja mwenyewe akasimama mlangoni. "Shemeji," alimwambia Mama, "msininong'oneze. Silali. Nisindikize kliniki, wakaniangalie." Wakaenda Tanga. Daktari akamrekebishia dawa, akarudi, akalala. Nani kati yetu huwa anajua mapema hivyo kwamba anaumwa?

Ijumaa ikafika, na wao wakafika. Rashidi aliwaleta. Sijui aliwaambia nini wazee wake, bado sijamuuliza, nakiweka kisa hicho akiba, ili siku nitakayokuwa nimemkasirikia nikumbuke kumpenda. Lakini walikuja na nyuso zimekunjamana, wakakaa barazani. Dirisha la chumba changu linafungukia huko huko, nikamsikia mzee mmoja anasema, bila hata kushusha sauti, kwamba bado kuna nafasi ya sheikh kushika jambo hili kwa heshima.

Mimi nimekaa kitandani, nimefunikwa kanga, Shangazi yuko ubavuni kwangu. Ami akaja na mashahidi wawili kuchukua idhini yangu. Unajua desturi yetu: bi harusi hasemi. Anaulizwa, ananyamaza, kimya chake ndiyo idhini, na mwenye kujibu kwa mdomo huambiwa hana haya. Nilikuwa nimejitayarisha kunyamaza vizuri.

Lakini Ami hakuuliza lile swali. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "kabla ya hayo. Umesikia wanavyosema huko nje. Mimi ni mgonjwa, na hili si jipya kwako. Nikimpa sheikh uwakala ndoa yako haipungui kitu, na utaingia kwa wakwe zako bila neno nyuma yako. Sitakasirika wallahi. Ukitaka hivyo, wala usiseme kitu. Nyamaza tu, nitafahamu."

Baba, nilihisi vidole vya Shangazi vinanibana paja. Mashahidi walitazama sakafu. Barazani nako watu walikuwa wametulia, wote wanasubiri ninyamaze, na kunyamaza ndilo jambo pekee nililofundishwa kwa siku ile. Nikaitoa kanga usoni.

"Nioze wewe, Ami," nikasema. "Kwa mdomo wako. Simtaki mwingine."

Nilisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Walisikia barazani, walisikia jikoni, mwanamke mmoja akaangusha mwiko. Shangazi alisema, "Yallah, umetuaibisha," kisha akaanza kulia, na mpaka leo sijui alikuwa analilia nini. Hiyo ndiyo kesi yenyewe aliyokuletea, kwamba binti yako hana haya. Nami sikatai.

Ami alipangusa uso kwa kiganja. "Haya," akasema. "Sasa nakuuliza la sheria."

Akaniuliza, kwa jina langu na jina lako, neno kwa neno, bila kukosea. Hapo ndipo niliponyamaza.

Mungu akulaze pema, Baba. Kesi nakuachia wewe uiamue.

Mwanao wa kwanza,
aliyeozwa na mdogo wako