Mkono Wako Haujapoa, Mama

Mama yangu mpendwa,

Watu huandika salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi bahari siijui, lakini hapa kambini Dagahaley mchanga naufagia mlangoni asubuhi na jioni umerudi, basi hesabu salamu zangu kwa huo. Magoti yanaendeleaje? Na kikohozi cha Baba? Mimi ni mzima, ila joto! Huku jikoni kwa wafanyakazi tunapika huku tukipikwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huniachi niseme. Ukishatamka "mkono wangu wa pombe umepoa" unalia, nami nalia, salio linakwisha. Sasa Baba akusomee polepole, na wewe unyamaze.

Nimesikia umemwomba Shangazi apike pombe ya wimbi ya siku yangu ya mahari, eti yako siku hizi inakukataa. Mama jamani! Kwetu bibi harusi huonja kwanza ya mkono wa mama yake, ndipo wageni wapewe. Nimefika umri huu watu wakiniuliza kama nimeolewa na sufuria. Leo nimempata Mutegi, fundi wa pampu za maji, halafu nionje ya Shangazi? Hata kidogo.

Sikiliza nilichokigundua. Habiba, mama wa Kisomali ninayepika naye, ndiye hutengeneza anjera za asubuhi, vile vyapati vyao laini vya unga uliochachuka. Juzi mwanawe aliugua, akaniachia unga niukoroge jioni. Nikajisemea, ah, binti wa mpika pombe ashindwe na kitu cha kuchachua? Nikachukua maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakoroga taratibu kwa mwiko, nikafunika vizuri kama mtoto aliyelala. Asubuhi ule uji ulikuwa umelala vilevile. Anjera zikatoka kama soli ya kiatu, hazina hata tundu moja juu, na wateja wangu wakaanza kuulizia mkate.

Habiba aliporudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wallahi, Karimi, wewe umezika hii unga! Maji ikichemka hewa yote inatoka. Lazima upige." Akatia mkono kwenye beseni, akawa anachota ule uji na kuupiga, anachota na kuupiga, mpaka povu likapanda. "Kwanza ipumue, halafu ilale."

Palepale nikakuona wewe, Mama, enzi zile mgongo ukiwa mzima. Maji ya kimea ukishayapika, kuyachuja na kuyapoza, ulikuwa unayamimina kutoka ndoo hii hadi ile, moja umeiinua mpaka begani, povu likikurukia kwenye kitambaa. Sisi tulidhani ni mbwembwe tu. Halafu mgongo ukakataa, kaka Mwenda akakuletea lile pipa na mpira wake, na sasa maji yanateremka kimyakimya mpaka chini. Kumbuka vizuri: ni tangu pipa lije ndipo pombe inabaki tamu, haichachuki. Usimgombeze Mwenda, alikuhurumia. Ila ukichemsha unatoa hewa, na siku hizi huirudishi, kwa hiyo hamira inaingia mle inakosa pumzi.

Sikutaka kukuambia la kubahatisha. Pombe siwezi kuipika hapa, hawa ni watu wa dini na nawaheshimu. Nikajaribu kwa unga, bakuli mbili, hamira ileile, maji yaleyale. Moja nikaipiga, nyingine nikaiacha. Iliyopigwa ilifurika mpaka mezani, na mwenzake ndiyo kwanza anapiga miayo! Nikamwambia Habiba najaribu kwa ajili ya kitu cha mama yangu nyumbani. Akanitazama sana. "Usiniambie ni kitu gani. Mimi naongea mambo ya unga tu," akasema. "Lakini mwambie mama apige na nguvu."

Basi, maji ya kimea yakishapoa kabisa, kabla ya hamira, mwite Mwenda na mkewe wayamimine ndoo kwa ndoo, kutoka juu, mpaka povu lijae. Wewe kaa kwenye kigoda uwaamrishe, kazi hiyo haijawahi kukushinda. Kisha tia hamira, funika. Ikishaanza kuchachuka mtu asiikoroge tena, isije ikageuka siki. Anza na ndoo moja ya kujaribu, uone kwa macho yako.

Nisalimie Baba, na asiruke mistari. Nisalimie Mwenda na mkewe, mikono yao naiazima. Shangazi mwambie nampenda sana, lakini siku hiyo aje kama mgeni, akae kivulini, ahudumiwe.

Barua hii anakuletea Mutegi mwenyewe, na hajui kilichomo. Mpe kiti, mpe uji, kisha mwambie hivi: nikiletewa kibuyu cha pombe mbele za watu nitauliza ni mkono wa nani. Kama si wako, Mama, nitakirudisha kikiwa kimejaa, na yeye arudi kwao na mbuzi wake.

Ni mimi binti yako,
Karimi