Yaya na bakuli la eshabwe

Mbarara, Jumamosi, Agosti 2009

Amekula. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo lililonifanya nitumie likizo yangu hapa mjini.

Tangu malaria imlaze, Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa akisukuma sahani kando kila siku kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Leo nimempitisha kote: sambusa za stendi, mbuzi wa kuchoma, bushera, kile kinywaji baridi cha mtama. Kila mahali alionja kidogo, akaulizia ugali wa kwetu, "Bugali iko wapi?" Nilianza kuogopa.

Mchana tukaingia hoteli ndogo karibu na soko. Mama mwenye hoteli alileta matoke na bakuli la eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli. Kabla sijasema neno, Yaya aliinua bakuli akaunywa wote, akidhani ni maziwa.

"Mzee, hapana kunywa!" mama alipiga kelele. "Hiyo ya kuchovya matoke!"

"Maziwa yenu iko na chumvi mingi," Yaya alimjibu, akifuta midomo.

Watu walicheka. Mimi nilingoja aulize bugali.

"Mama, leta ingine," alisema.

Alimaliza sahani yake, kisha akaivuta yangu. Nina njaa, na sina malalamiko.