Pini Uliyoisugua

Mhina, rafiki yangu,

Salamu sikuletei, uliko hazikusaidii. Nakuletea uchovu wangu tu, maana hapa Segera sina mwingine wa kumtwisha. Kibanda chetu cha ufundi bado kipo. Simu zilizoingia maji bado zinaletwa, na wenyewe bado wanaapa hazijagusa maji. Kwenye kiti chako nimeweka redio mbovu, nisikione kitupu.

Arobaini yako ilipopita, ndugu walikaa pale nyumbani Old Korogwe wakagawana vitu vyako. Mama yako alichukua kanzu. Mdogo wako Athumani akapata ile sigara ya mvuke uliyoinunua kwa dereva wa lori ili uachane na sigara za moto. Uliachana nazo kweli, ila kifua kilikuwa kimeshaharibika. Nilifurahi alipoipata yeye, maana naye anafuka kama tanuri la mkaa.

Sasa Mhina, wewe ulikuwa na ugonjwa wa tupa. Kitu kikijitokeza kidogo tu, hata kichwa cha skrubu, lazima ukisugue mpaka kilingane. "Kisije kikamkwaruza mtu," ulikuwa unasema, huku unapulizia vumbi kwenye chai yangu. Basi na ile pini ya chini ya kitangi cha dawa ya sigara yako ya mvuke ukaisugua, ikalala sawa na ukingo. Kwenye kiboksi chako cha betri haikuwa na neno, kile kina springi inayoifuata pini ilipo. Lakini kiboksi kilikufa, Athumani akanunua bomba la chuma la kuwekea betri, aina ambayo betri inagusa pini moja kwa moja. Pini imelala, betri ikagusa pini na ukingo kwa pamoja. Shoti!

Alikuwa kwenye pikipiki anatoka Mnyuzi, kitufe kikabonyea mfukoni. Suruali iliungua, na paja pia. Akalitupa bomba kwenye majani, likapoa, akaja nalo kwangu anachechemea. "Kaka, nitengenezee, la sivyo narudi kwenye sigara."

Loh! Nilitamani kulitumbukiza chooni. Nimechoka, Mhina, nimechoka na vitu vya watu na nimechoka kufanya kazi peke yangu. Lakini nikikataa, anarudi kwenye moshi uliokumaliza wewe, au anampelekea fundi mwingine akaze tu na kumrudishia.

Betri ile nilimkataza kabisa asiirudie. Nikachambua kopo la skrubu kuukuu, nikapata ya shaba yenye njia ileile ya kukazia kama ya pini, ndefu kidogo. Nikaivalisha kipete kipya cha plastiki cha kuzuia umeme, nikaikaza mpaka kichwa kikasimama juu ya ukingo, unene wa ukucha hivi. Nikatoa koili inayochemsha dawa, nikapima kwa tester: pini na bodi havisomani, umeme haupiti kati yake. Nikapima tena.

Kitangi nilikipeleka mwenyewe Old Korogwe. Mama yako alikuwa barazani anamenya mihogo. Athumani akakigeuza, akaiona pini mpya, akaniuliza mbele ya mama, "Hiyo ya kwanza nani aliiharibu?"

Nikasema, "Mimi."

Mama aliweka kisu chini. "Nilijua tu," akasema. "Mwanangu asingefanya kazi ya hovyo namna hii."

"Ni kweli, mama," nikamjibu.

Tangu siku hiyo shikamoo yangu anaiitikia kwa kichwa tu. Yeye aliyekuwa ananifungia bada, ule ugali wake wa muhogo, kila nikipita! Inaniuma, bwana we. Nikipita pale napita haraka. Kuna siku nakukasirikia mpaka nataka kurudi nikamwambie yote, halafu nakumbuka wewe huwezi tena kujitetea, na yeye amebakiwa na sifa yako tu.

Mola akupe nafasi njema huko, Mhina. Athumani anapumua vizuri, kidonda cha paja kimefunga. Wewe lala. Wakiniuliza tena, leo au nikiwa mzee, nitasema ni mimi.

Mwenzako wa kibandani,
Rajabu