Kidole Ndani ya Miwani

Jumapili, 3 Agosti
Nimelisha kuku, nimefua, nimepiga meza kama kinanda. Dada yangu Mbithe anaolewa Jumamosi na ameapa ataingia kanisani nikimchezea mimi kinanda. Habari ya DJ hataki kuisikia. Mpiga kinanda wa kanisa alihamia Mtito Andei, na kinanda chenyewe kiko kwa fundi Kitui mpaka Ijumaa. Basi kaka yetu Kyalo ameniazima miwani ya VR aliyokuja nayo kutoka Nairobi. Ukiivaa unaona kinanda, na mikono yako juu yake. Shida, kinaelea. Nilikuwa nabonyeza hewa. Leo nimekunja leso mbili nikaziweka mezani, na sasa vidole vinagusa pale pale macho yanapoona. Raha tupu.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeona jambo. Mkono wa kulia ndani ya miwani una vidole vitano. Wangu una vinne. Cha mwisho kilikatwa na mashine ya nyasi za ng'ombe nikiwa darasa la sita. Kyalo anasema miwani haijui, inakisia tu. Nimekaa nikikikunja na kukikunjua. Nililia kidogo. Kisha nikabonyeza nacho ile noti ya juu kabisa. Ikalia!

Jumatano, 6 Agosti
Wimbo umeingia vidoleni. Sikosei hata kidogo. Anayenitazama anaona mtu aliyefungwa macho akipapasa leso. Mama ameingiwa na wasiwasi. "Mwende, hii kitu haitakuharibu kichwa? Si tuombe kwanza?" Tumeomba. Nimecheka katikati ya maombi. Najivuna, na sijali.

Ijumaa, 8 Agosti
Kinanda kimefika. Mazoezi kanisani. Vibaya sana.
Kila nikifika ile noti ya juu, kimya. Nimejifunza wimbo mzima kwa kidole ambacho sina! Mkono wa kushoto una kazi yake. Nikisogeza wa kulia ili uifikie, napotea kabisa. Nina hasira na Kyalo, na miwani, na zaidi na mimi mwenyewe. Nimemwambia Mbithe atafute DJ. "Wewe cheza tu hivyo hivyo," akasema. "DJ mimi sitaki." Rahisi kwake. Kesho nitaaibika mbele ya ukoo wote.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilikaa kwenye kinanda. Mbithe mlangoni, amemshika baba mkono. Nikaanza. Nikafika penye pengo. Kimya. Halafu sauti moja kutoka chini ya shela: "Aaa!" Bibi harusi mwenyewe!
Mara ya pili shangazi zetu wakaimba naye. Mara ya tatu kanisa zima, pasta akiwemo, na vigelegele juu. Watu wakawa wanaingoja ile noti. Mbithe alirudi mlangoni mara mbili ili aingie upya, na mimi sikuacha kucheza. Sijawahi kufurahi namna hii. Miguu inauma kwa kucheza densi.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba imetulia. Kyalo anarudi Nairobi jioni. Nimemwomba miwani mara ya mwisho.
Kidole kilikuwepo. Nikacheza ule wimbo polepole. Nilipofika pale juu nikakiacha kimekunjwa.
Asiyevaa miwani hasikii muziki, anasikia vidole vikigonga leso tu. Mama alikuwa jikoni akiosha sufuria. Noti ile akaiimba yeye.